Kikohozi Kikikata

Sizya ametuma mchezo alioutengeneza,
miaka mitatu ya kukesha na kompyuta ya mtumba.
Ujumbe wake mfupi: Dada, ucheze usiku. Vaa hedifoni.
Nikavaa. Nikazima taa.

Tabora inafunguka kwenye kioo,
vumbi la Kiloleni limepakwa rangi ya kutu.
Nyumba zote zina milango, na milango yote ni michoro tu,
isipokuwa wetu.
Hata ule ubao wa chini ulioliwa na mchwa kauchora.
Mimi nilishausahau.

Kanuni ni chache.
Una tochi, betri mbili, njiti sita za kiberiti,
na kopo la asali la kupaka majeraha.
Pita magodauni ya tumbaku, fuata reli hadi kibanda cha ishara,
ukamwamshe baba, yuko zamu ya usiku.
Nyuma yako kuna mtu anakohoa.
Ukimsikia, u salama.
Kikohozi kikikata, kimbia.

Godauni la kwanza, majani yananing'inia kama ngozi,
na mengine si majani.
Stesheni, abiria wa Mpanda wamekalia mizigo yao,
nyuso zimegeukia ukuta. Usiwaulize saa.
Halafu yeye, Mkaguzi:
sare imepigwa pasi, kofia imekaa sawa juu ya kola,
na kati ya kola na kofia hakuna kitu.
Anabana hewa kwa koleo la tiketi, kacha,
kacha,
na kila anapobana panabaki tundu
na ndani ya tundu kuna giza linalochungulia.

Nimekufa mara kumi na moja.
Mara ya nne nilicheka, nikanywa maji.
Mara ya tisa sikucheka.

Ya kumi na mbili nikafika kibandani.
Taa inawaka. Baba kakaa, mgongo kwangu,
bendera ya kijani imekunjwa gotini.
Nabonyeza. Nabonyeza.
Maandishi yanatokea: *Amelala.*
Kisha mchezo unanirudisha chumbani, mwanzo kabisa,
betri mbili, njiti sita.

Ndipo nikamwona msichana.
Pembeni ya kitanda, nimempita mara zote hizo
nikidhani ni sehemu ya vyombo.
Nywele zimesukwa upande mmoja.
Upande wa pili mama hakuumaliza.
Nikamsogelea, nikabonyeza. Ana sentensi moja:
*Nenda wewe. Mimi nitabaki.*

Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno.
Alikuwa na miaka tisa, akaenda, miguu mitupu, juu ya mataruma.
Hajawahi kuniuliza niliona nini, mimi niliyebaki.
Na mimi sikumuuliza njiani kulikuwa na nani.
Sasa najua. Ana kofia.

Kuna kitufe cha kukimbia. Cha kujificha, cha kuwasha njiti.
Nimevijaribu vyote, hata vile visivyo na kazi.
Hakuna kitufe cha kukaa.
Basi nikaondoa vidole kwenye kibodi
nikamwacha mtoto wa kwenye kioo asimame pale alipo,
karibu na dada yake, tochi ikijimaliza.

Kikohozi ni chake hasa. Sikujua Sizya aliwahi kumrekodi,
labda kwa simu ya baba, labda akicheza tu.
Kinajirudia kila sekunde arobaini, nimehesabu.
Mwishoni kabisa anaanza kuita, *Nya—*
halafu kinarudi mwanzo.

Usipotoka nje, hakikatiki.

Nikavua hedifoni, nikachomoa waya,
sauti ikajaa chumba.
Nikatandika kanga sakafuni.

Asubuhi Bi Mlekwa wa chumba cha pili amesimama mlangoni,
mkononi kikombe cha uji, kimefunikwa kwa sahani:
"Nyanzala, nani anaumwa humo ndani?
Usiku kucha. Mbona hukutuambia?"